Bandama Lilivyonichongea

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Nalisema hili mapema ili tusisumbuane. Nimefukua bomba nikamkuta chatu amejikunja juu yake kama mlinzi wa benki. Nimefungua koki ya kijiji, akatoka chura mzima, akaniangalia, akaendelea na safari zake. Nimelaza mabomba ya maji ya mserereko kwenye milima ya Uluguru miaka thelathini na mmoja, kuanzia Mgeta mpaka Matombo, na shule yangu ni darasa la nne, tena hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Wahandisi wenye digrii wamekuja na kompyuta zao wakaniuliza, "Fundi Desi, maji yatafika?" Nikatazama mlima, nikatazama bonde, nikawaambia yatafika. Yakafika.

Nyinyi vijana mlioshika spana juzi, mnaponikuta nimekaa barazani kwangu Kilakala mnadhani nimestaafu kwa uzee. Nina miaka hamsini na saba! Mimi sikustaafu, nilistaafishwa, na waliochangia kunistaafisha ni pamoja na bandama. Bandama langu mwenyewe, nililolilisha tangu nizaliwe. Nitawaeleza, ila naanza na bomba, maana mtu asiyejua bomba hawezi kuelewa moyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Gaspari wa Mlali, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, na nadhani masikio yale alipewa kwa ajili ya kazi hii tu. Alikuwa anachukua mpini wa jembe, ncha moja anaiweka kwenye bomba, ncha nyingine sikioni, kisha anafumba macho. Siku ya kwanza nilicheka.

"We kijana, unacheka nini?"

"Shikamoo mzee. Naona kama unapiga simu."

"Marahaba. Njoo upokee wewe, ni ya kwako."

Nikaweka sikio. Vijana, bomba linaongea. Maji yanayopita vizuri yanavuma taratibu, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Yanayobanwa yanapiga mluzi. Hewa inakohoa. Mzizi ukiwa ndani, maji yanafanya kama mtu anayesukutua mdomo. Ndani ya miezi miwili nilikuwa nasikia kuliko yeye, na alikiri hivyo mbele ya watu, ingawa alisema ni kwa sababu yeye alikuwa na mafua.

Msidhani sikukosea. Bomba langu la kwanza kusimamia mwenyewe nililipitisha juu ya kilima kidogo nikasahau kuweka valvu ya kutolea hewa pale kileleni. Siku ya kufungua, wageni wameshakaa, ngoma zinalia, kina mama wamepanga ndoo. Koki ikafunguliwa. Ikashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyepewa habari mbaya, kisha kimya. Mzee Gaspari akanisogelea, akaninong'oneza:

"Hongera. Umewaletea upepo kwa bomba. Hakuna fundi aliyewahi."

Kwa hiyo kila kilima, valvu. Hata kama kilima chenyewe unaona ni kichuguu. Weka.

Kuna kingine nilichobuni mwenyewe, na hiki sikufundishwa na mtu. Kijiji kimoja juu ya Mkuyuni kilikuwa na vituo vitano vya kuchotea maji, na kituo cha tano kilikuwa kinadondosha kama pua. Bomba liko chini ardhini, refu, utachimba wapi? Nikashuka sokoni nikanunua pakiti mbili za rangi nyekundu, ile ya kupakia ubuyu. Nikapanda mpaka kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingilia bombani, nikaimwaga yote. Kila kituo nilikuwa nimeweka mtu na saa. Rangi ikifika kwako, andika dakika. Inapochelewa pana ugonjwa. Isipofika kabisa, hapo ndipo pa kwenda na sururu.

Kosa langu lilikuwa moja tu, sikuuliza ni siku gani. Kumbe ilikuwa Jumamosi, na kesho yake watoto wanapokea komunyo ya kwanza. Kijiji kizima kilikuwa kinafua magauni meupe.

Nilishuka nikakuta kina mama wananisubiri njiani na magauni ya waridi mikononi. Katekista alisimama mbele yao.

"Fundi, hawa watoto tumewafundisha miaka miwili. Wewe umewageuza kwa dakika ngapi?"

"Kituo cha kwanza dakika kumi na nne," nikamjibu, maana nilidhani ananiuliza kweli.

Nilikimbia. Lakini kituo cha tano rangi haikufika, nikachimba juu yake, nikatoa mzizi mnene kama mkono wa mtu. Maji yakaenda. Magauni nayo, baada ya kufuliwa mara sita, yakaenda kanisani.

Jambo jingine mlishike, kwa sababu ndilo litakalotufikisha hospitali. Bomba usilipime usiku. Usiku watu wamelala, koki zote zimefungwa, hata bomba lililoziba nusu litakupa maji ya kutosha na utasema ni zima. Lipime saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo mama huyu anataka uji, yule anafua, shule inataka maji, ng'ombe wanataka maji, koki zote zinafunguliwa kwa pamoja. Tawi zima litatoa. Tawi bovu litakauka palepale mbele ya macho yako. Bomba linajulikana linapodaiwa.

Sasa niwape na siri mbaya, msiiige. Mradi ukikamilika, anakuja mkaguzi. Mimi nilikuwa na mtindo wangu, nilikuwa nauita kulivisha bomba suti. Siku moja kabla nafunga matawi yote, tenki linajaa mpaka linafurika. Mkaguzi akifika namfungulia koki moja tu. Maji yanaruka mpaka yanalowesha viatu vyake. Anafurahi, anasaini, tunakula wali kuku. Nilifanya hivyo mara nyingi, na kwa sababu mabomba yangu kwa kawaida yalikuwa mazuri, halikuharibika neno.

Ila mara moja liliharibika. Wiki mbili baada ya saini, mama mmoja wa kituo cha chini kabisa, Bi Anatolia, alishuka na gari la matenga ya kabichi mpaka mjini, akaja nyumbani kwangu na ndoo tupu, akaiweka mlangoni.

"Karibu mama. Vipi tena?"

"Nimekuja kuchota yale ya siku ya wageni. Ya siku nyingine hatuyaoni."

Mke wangu, Mama Tekla, alicheka mpaka akakaa chini. Nilirudi mlimani nikarekebisha kwa mfuko wangu. Nikaapa sitavisha bomba suti tena. Bomba. Sikusema lolote kuhusu vitu vingine.

Haya, moyo sasa. Ilianza nikiwa napanda kwenda kwenye banio, njia ambayo nilikuwa naipanda huku nikiimba. Katikati ya kilima naona kifua kimekaliwa, kama mtu ameniwekea mfuko wa saruji kisha akaketi juu yake. Nikisimama, unashuka. Nikianza tena, unarudi. Nikajitibu: ni gesi. Nikawa nasimama kila baada ya hatua hamsini, nainama, nashika jointi kama ninayekagua. Vijana wangu wakawa wananisifu, fundi siku hizi yuko makini.

Mama Tekla hakudanganyika. Siku moja tulikuwa tunakwenda msibani, njia ya kupanda, nikainama.

"Baba Tekla, hapo unakagua nini?"

"Jointi."

"Hapo pana bomba?"

Palikuwa na muhindi umeota njiani.

Akanipeleka hospitali ya mjini yeye mwenyewe. Wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora milima na mabonde kwenye karatasi. Daktari akasema nyaya hazitoshi, inabidi waone damu inavyotembea ndani ya nyama ya moyo wenyewe, na hiyo inaonekana kwa MRI, mashine kubwa ya sumaku, Dar es Salaam. Nikamwambia nina kazi. Kweli nilikuwa nayo: kijiji cha mama yangu mzazi, ambako wanawake bado wanachota kwenye korongo, kilikuwa kimepata mabomba, wakasema atakayelaza ni Fundi Desi na si mwingine. Kazi ya namna ile huwezi kumwachia mtu. Mama Tekla akatamka mbele ya daktari:

"Bila karatasi inayosema moyo wako mzima, mlima huupandi. Nitalala mlangoni."

Kwa hiyo ilikuwa ni karatasi. Mlima, kazi, jina langu, vyote vilikuwa ndani ya karatasi moja. Tukapanda treni, tukafikia kwa mdogo wake, Tabata.

Siku moja kabla ya kipimo nilionana na daktari wa moyo, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alinieleza vizuri. Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini na wenyewe unakunywa, una vijibomba vyake vimepita juu yake. Ukiwa umekaa, hata kilichoziba nusu kinatosha. Kwa hiyo watanichoma dawa ya kupanua vile vizima, moyo ujione kama unakimbia, halafu wanaingiza dawa nyingine ya kung'arisha damu, na mashine inatazama ni sehemu gani ya moyo haifikiwi.

"Saa kumi na mbili asubuhi," nikamwambia.

"Hapana, baba, kipimo chako ni saa nne."

Nikaacha. Nilikuwa nimeelewa kuliko alivyodhani. Na rangi ya ubuyu walikuwa nayo!

Akanipa karatasi ya masharti: tangu sasa mpaka kesho usinywe chai, kahawa, kakao, soda nyeusi, wala usile chokoleti. Akarudia mara mbili. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza, maana mtu anayejua kila kitu huwa haulizi. Nililala nikiwaza: kwa nini wananinyima kahawa? Jibu nikalipata mwenyewe. Wanataka moyo ufike pale umepoa, maji yako chini, tenki halijajaa. Ndivyo wakaguzi walivyo, wanapenda kukukuta hujajiandaa.

Mnaona nilikokuwa naelekea? Mimi sikuona.

Alfajiri Mama Tekla na mdogo wake wako jikoni na uji, nikasikia vikombe vinagonganishwa barabarani, mwuza kahawa anapita na dele lake. Nikatoka kama naenda kupunga upepo.

"Shikamoo mzee. Na tangawizi?"

"Marahaba. Tangawizi tele. Chungu, ile ya kuamsha maiti."

Nikanywa kikombe. Nikasikia moyo unagonga, dum, dum, tenki linajaa. Nikaongeza cha pili, nikasukutua kwa maji, nikatafuna majani ya mnanaa ya shemeji, nikarudi ndani kula uji kama mtoto wa ubatizo. Nilikuwa nimeuvisha moyo wangu suti.

Hospitali alinipokea fundi wa ile mashine, binti anaitwa Zuwena, mdogo wa umbo lakini ana sauti ya kuamuru. Akaanza na maswali.

"Shikamoo baba. Una chuma chochote mwilini?"

"Marahaba mwanangu. Mimi mwili mzima ni chuma."

"Baba, nauliza kweli. Sumaku hii haina utani."

"Basi sina."

"Kazi yako?"

"Fundi bomba. Nimekata mabomba ya chuma miaka yote."

Akaweka kalamu chini. Akauliza kama cheche za chuma zimewahi kuniingia machoni. Nikasema sana, tulikuwa tunazitoa kwa ncha ya kanga. Akanipeleka kwanza kupigwa picha ya macho, kwa sababu kipande kama punje ya mchanga kikibaki jichoni, ile sumaku inaweza kukivuta. Hakikuwepo. Vijana, miwani ya kazi si urembo. Mimi nilipona kwa kanga ya mtu.

"Na tangu jana asubuhi: chai, kahawa, soda nyeusi?"

"Hata harufu."

"Una uhakika, baba?"

"Binti, mimi nikisema maji yatafika, yanafika."

Wakaninyoa kifua. Nywele nilizozitunza tangu ujana zikaingia kwenye ndoo. Wakanibandika vidude, wakanichoma sindano mikono yote miwili, wakaniwekea juu ya kifua kitu kama ungo, masikioni wakaniziba, wakanisukuma ndani ya lile tundu. Niliwahi kuingia kwenye kalavati lenye kipenyo kidogo kuliko lile, kwa hiyo nilitulia. Kelele yake ni ya kompresa inayovunja barabara. Katikati ya kelele inakuja sauti ya Zuwena: vuta pumzi, toa, bana. Nilibana pumzi mpaka akaniambia, "Baba, pumua, hatushindani."

Kisha akasema, "Sasa naingiza ile dawa. Utasikia uso unapata joto, kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi. Usiogope, ni dakika chache tu."

Nikasubiri. Kimya.

"Baba, unasikia nini?"

"Nakusikia wewe."

"Kifua?"

"Kiko sawa kabisa."

Nikasikia wananong'ona. "Nakuongezea kidogo." Akaongeza. Kimya. Jamani, nilivyojisikia! Dawa ya kuwatesa watu wazima, mimi naipokea kama maji ya dafu. Nikapiga kelele mle ndani: "Ongeza tu, mwanangu! Huu ni moyo wa Uluguru!"

Nilitoka kifua mbele, kimenyolewa lakini mbele. Mama Tekla alikuwa ameketi kwenye benchi.

"Vipi?"

"Andaa gamubuti zangu. Tunarudi kazini."

Baada ya nusu saa tukaitwa wote wawili. Daktari alikuwa mbele ya kompyuta, Zuwena nyuma yake amekunja mikono. Daktari hakutabasamu.

"Baba Desi, moyo wako kwenye picha unaonekana hauna shida."

"Si nilisema?"

"Subiri. Hiki unakijua?" Akaonyesha kitu kinachong'aa kando ya moyo, kinafanana na embe bovu.

"Ini?"

"Bandama. Ile dawa ikimkolea mtu, bandama linapunguziwa damu, linafifia, linakuwa jeusi. Ndivyo tunavyojua kuwa dawa imefanya kazi. La kwako limewaka kama taa ya harusi. Maana yake dawa imeingia na haikufanya kitu. Na kinachoizuia dawa hii tunakijua."

Akavua miwani. "Baba, umekunywa nini?"

"Uji."

Daktari akamgeukia mke wangu. "Mama, alikunywa nini?"

"Uji, daktari. Nimempikia mwenyewe." Kisha akanyamaza. Namjua mwanamke huyu kwa miaka thelathini na mbili, akinyamaza namna ile anasikiliza bomba. "Baba Tekla, yale majani ya mnanaa asubuhi ulikuwa unatafuna ya nini? Wewe na mnanaa mmejuana lini?"

"Kupunguza gesi."

"Niangalie."

Vijana, nimekabiliana na chatu. Niliangalia sakafu.

"Vikombe viwili," nikasema. "Na tangawizi."

Zuwena akapiga paji la uso wake. "Na nilivyokuongezea dawa! 'Huu ni moyo wa Uluguru!'"

Mama Tekla ndiye aliyeuliza: "Kwa nini?"

Nikawaeleza yote, tenki, mkaguzi, suti. Nilidhani watacheka. Zuwena alicheka kidogo. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu:

"Nisingetazama bandama, ningeandika kuwa moyo wako mzima na kusaini. Ungepanda mlima na karatasi yangu mfukoni. Watu wangekuokota huko juu, na karatasi wangeikuta mfukoni."

Mama Tekla alisimama. Alichukua pochi yake akatoka nje, na alipita dirishani akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Hapo ndipo nilipoacha kujisifu. Kwa siku tatu, msizidishe.

Kipimo kilirudiwa baada ya siku mbili. Siku hizo mbili nililindwa kuliko benki. Shemeji alificha hata majani ya chai, mwuza kahawa akipita Mama Tekla anasimama mlangoni na mwiko. Nikaingia tena kwenye tundu. Zuwena akasema anaingiza dawa, na kabla hajamaliza sentensi saa kumi na mbili asubuhi ikafika kifuani kwangu. Koki zote zikafunguka. Uso ukawaka, pumzi ikakatika, na yule mtu wa mfuko wa saruji akaja akakaa, safari hii na familia yake. Nikabonyeza kile kipira walichonipa cha kuwaitia.

"Nipo, baba. Vumilia kidogo. Unasikia nini?"

"Nasikia kila kitu, mama!"

"Vizuri sana! Hiyo ndiyo tunayoitaka!"

Zikaisha zile dakika, ikaondoka kama ilivyokuja.

Daktari akaniita nione mwenyewe. Bandama jeusi, limenuna. Moyo kwenye kioo ni kama pete nene inayocheza. Dawa ya kung'arisha ikaingia, pete ikaanza kuwa nyeupe, huku, huku, na huku. Upande mmoja wa mbele ukabaki mweusi. Pigo moja, mweusi. Mapigo matano, bado mweusi. Wengine wameshapata maji, wale wanasubiri na ndoo zao. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nilikumbuka ndoo ya Bi Anatolia mlangoni kwangu, nikasikia aibu iliyochelewa miaka mingi.

"Mzizi hauko hapo penye weusi," nikamwambia daktari. "Uko juu yake, kwenye bomba linaloleta. Hapo ndipo pa kuchimba."

Akanigeukia. "Haya umeyasoma wapi?"

"Darasa la nne."

Wakachimba. Walipitishia waya mwembamba kwenye mkono wangu, hapa kwenye kifundo, ukapanda mpaka kwenye moyo, wakapanua penye ubovu kwa kiputo, wakaacha kijibomba cha wavu kisizibe tena. Nilikuwa macho. Niliwauliza kama wameweka valvu ya hewa, wakaniambia nitulie. Kuzibua kote huko bima ililipa bila neno. Daktari akasema nitembee, tena kila siku, lakini mlimani kubeba mabomba, basi, imetosha.

Bomba la kijiji cha mama yangu walilaza vijana, nami nikiwa chini bondeni na simu, nawafokea. Maji yalifika. Nilikwenda siku ya kufungua, kwa gari mpaka linapoishia, kisha hatua kwa hatua na Mama Tekla kando yangu, na niliposimama kupumzika nilisema napumzika. Kabla ya wageni kufika niliagiza koki zote za kijiji zifunguliwe kwa pamoja, saa kumi na mbili asubuhi. Mkaguzi alikuta vituo vyote vinatoa, si kwa kishindo, lakini vyote.

Kitu ambacho bima haikukubali ni kipimo cha pili. Walisema mtu mmoja, moyo mmoja, wiki moja, hapana. Nikalipa laki sita na themanini elfu mkononi. Tiketi mbili za treni za kurudi zilikuwa zimeshapitwa na siku, elfu ishirini na sita. Chakula kwa shemeji kwa zile siku mbili za ulinzi, elfu sitini na moja na mia tano. Na mwuza kahawa, mia mbili kwa kikombe. Siku hizi mgeni akija nyumbani kwetu, Mama Tekla humuuliza anywe chai au kahawa, na kabla mgeni hajajibu humwambia kwamba mume wake kahawa ya mia nne hainywi, yeye hunywa ile ya shilingi laki saba, elfu sitini na saba na mia tisa.